Kompyuta inalia "ting" na haibofyeki: kidirisha kiko wapi?

Swali: Fundi, habari ya Kisumu. Nina saiba ndogo hapa Luanda, karibu na steji. Kompyuta ninayohudumia wateja ni ya Windows 10. Tangu mwezi wa tatu imeanza tabia: niko katikati ya kazi kwenye Word au Excel, ghafla hakuna kinachobofyeka. Nikibofya inalia "ting", basi. Siku nyingine kuna kadirisha kadogo kamesimama katikati na hakafungiki, hasa nikitaka kuprinti au kuhifadhi faili kwenye flashi. Nimezoea kuizima kwenye soketi ya ukutani kisha naiwasha tena. Sasa imekuwa nzito, na juzi nilipoteza CV mbili za wateja. Nilikuwa na skrini ya pili iliyowaangalia wateja, ikazima mwezi wa pili na sijanunua nyingine. Iko tu pale mezani. Printa pia tulibadilisha. Fundi wa hapa anasema Windows 10 imeisha muda, nimpe shilingi 1,500 aweke Windows upya. Nimpe?

Jibu: Dada, usimpe bado. Maneno yako yana mambo mawili ambayo ningeanza nayo kabla ya kugusa kitu kingine: ile skrini iliyobaki mezani, na ile printa mliyobadilisha.

Kuhusu Windows 10, fundi wako ana ukweli nusu. Microsoft iliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na hilo ni jambo la kulipangia, kwa sababu wateja wako wanaandika nywila za KRA (mamlaka ya kodi) na eCitizen (tovuti ya huduma za serikali) kwenye mashine hiyo. Lakini kuisha kwa huduma hakukwamishi madirisha. Kama kisa kingekuwa hicho, ungeanza kuteseka Oktoba ile ile. Wewe unasema mwezi wa tatu, na skrini ilizima mwezi wa pili. Ukiweka Windows mpya huku skrini mbovu bado imechomekwa, tatizo litakurudia, na pesa imekwenda.

Tuanze na ile "ting", maana ndiyo iliyonipa matumaini niliposoma swali lako. Programu ikitaka kukuuliza jambo, kwa mfano "Uhifadhi mabadiliko?", hufungua kidirisha kidogo cha swali. Wakati huo dirisha kubwa lililo nyuma hufungiwa kwa makusudi, usije ukaendelea kuandika kabla ya kujibu. Ukilibofya hilo kubwa, Windows hulia "ting" kukuambia: jibu kwanza swali lililo mbele yako. Kwa hiyo mashine inayolia haijaganda. Iko hai, inakusikia, inakungoja. Shida ni kwamba swali lenyewe huwezi kuliona, au unaliona na halikubali jibu. Hayo ni magonjwa mawili tofauti, na dawa ya moja haitibu lingine.

Kabla ya kufanya lolote, bonyeza Caps Lock kwenye kibodi na uangalie kile kitaa chake. Kikiwaka na kuzima unavyobonyeza, na kipanya kikiwa kinatembea, kompyuta yenyewe ni nzima na kilichokwama ni programu moja. Kitaa kisipobadilika na kipanya kikiwa kimesimama kabisa, ngoja dakika chache, kisha jaribu tena. Kikikataa hata hapo ndipo unaruhusiwa kushikilia kitufe cha kuwashia mpaka izime. Katika hali nyingine zote usiende ukutani.

Sasa hiyo skrini. Watu wengi hudhani skrini isiyowaka haipo. Kwa kompyuta ipo. Ndani ya skrini kuna chembe ndogo ya kumbukumbu inayojitambulisha kwa kompyuta: mimi ni skrini ya aina fulani, upana wangu huu. Kwenye waya wa VGA, ule wa skrini za zamani, chembe hiyo inaweza kupata umeme wake mdogo, volti 5, kutoka kwa kompyuta yenyewe. Ndiyo maana skrini iliyokufa taa, hata isiyochomekwa kwenye stima, huendelea kujitambulisha kama nzima maadamu waya wake haujatolewa. Windows inaamini una uwanja mkubwa wa skrini mbili, na vidirisha vingine inavifungulia kule kwenye skrini iliyokufa. Swali limeulizwa, kidirisha kimesimama pale mezani pako, ila kiko gizani.

Chomoa waya huo upande wa kompyuta. Kuizima skrini au kuigeuza ukutani hakutoshi. Mara nyingi utaona vidirisha vilivyopotea vikirudi vyenyewe kwenye skrini iliyobaki, wakati mwingine vitatu au vinne kwa pamoja, na hapo utajua umekuwa ukingojewa na nini. Kama waya umebana na hutaki kuulazimisha, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, kisha uchague "PC screen only". Kazi ni ile ile.

Kuna programu chache ambazo hukumbuka mahali dirisha lilipofunguliwa mara ya mwisho, na zitaendelea kulifungua nje ya skrini hata baada ya waya kutoka. Kwa hizo, bonyeza Alt na Tab mpaka ufike kwenye kidirisha hicho, kisha Alt pamoja na kitufe kirefu cha nafasi, kisha herufi M. Huoni kitu, lakini usijali. Bonyeza kishale chochote kwenye kibodi mara moja, halafu sogeza kipanya: kidirisha kitakuja kimeng'ang'ania kipanya kama kupe. Kikifika mahali unapokiona, bonyeza Enter. Nimewafundisha njia hii wateja kwa simu wakiwa Busia na Mumias, na wengi wamefaulu bila kunisafirisha. Njia ya mkato ya kitufe cha Windows, Shift na kishale cha kushoto au kulia pia hurusha dirisha kutoka skrini moja hadi nyingine, ila vidirisha vidogo vingine huwa haviitikii.

Kuna mtego mwingine wa "ting" ambao wenye saiba huukuta sana, hasa Juni inapokaribia tarehe 30 na foleni ya watu wa ritani za kodi imefika barabarani. Umefungua fomu ya Excel ya mteja wa kwanza kutoka iTax, tovuti ya KRA ya kodi. Fomu ile ina makro, yaani amri zilizofichwa ndani ya faili zinazojiendesha zenyewe. Ukibofya kitufe cha kuithibitisha, makro hukuletea kidirisha cha kukuambia makosa yako wapi au faili la kupakia limehifadhiwa wapi. Huku nyuma umefungua faili la Excel la mteja wa pili. Tangu Excel ya 2013 kila faili lina dirisha lake, zinaonekana kama kazi mbili zisizojuana, lakini ndani ni programu moja. Kidirisha cha mteja wa kwanza kikiwa wazi, faili la wa pili nalo linafungiwa. Unabofya huku, linalia, na kidirisha chenyewe kiko kule chini ya dirisha jingine. Rudi kwenye faili la kwanza kwa Alt na Tab, ukijibu, yote yatafunguka. Na ukitaka Excel mbili zilizotengana kweli, shikilia Alt unapobofya aikoni ya Excel na usiiachilie mpaka ikuulize kama unataka kuanzisha nyingine. Kubali. Hapo kidirisha cha mmoja hakimzuii mwenzake.

Ukishakiona kidirisha, kisome. Nasema hili kwa uzito, kwa sababu nimeona watu wakibonyeza Enter kwa haraka ili kitoke tu. Enter hukubali kile kitufe kilichowekewa alama, na kitufe hicho si lazima kiwe unachotaka. Esc kwa kawaida ni sawa na kusema "Cancel", yaani acha kama ilivyokuwa. Kama hujaelewa swali, Esc ndiyo salama. Na kama ni kidirisha cha kawaida cha ujumbe wa Windows, kabla hujakifunga bonyeza Ctrl na C, kisha fungua Notepad ubandike: maneno yote ya kidirisha yatatokea pale, pamoja na namba ya kosa. Fundi akipata maneno hayo kwa WhatsApp anaweza kukusaidia akiwa mbali. Akiambiwa "kuna kitu kimetokea cha Kizungu" hana pa kushika.

Kidirisha kimoja nakuomba usikubali kamwe kwenye flashi ya mteja: kile kinachosema diski haiwezi kutumika mpaka uifomati, yaani uifute na kuiandaa upya. Mwanafunzi kutoka Maseno amekuletea mradi wake wa mwaka mzima, umechomeka, kidirisha kimetokea, na kitufe cha kufomati ndicho kimekolezwa. Bonyeza "Cancel". Jaribu tundu jingine la USB, jaribu kompyuta nyingine. Flashi ambayo Windows haiisomi mara nyingi bado ina mafaili yake ndani, na kuna programu za kuyaokoa. Ukishaifomati na kuanza kuiandikia upya, unazidi kuyazika.

Hayo yalikuwa maradhi ya swali lisiloonekana. La pili ni kidirisha unachokiona na hakikubali jibu. Dalili yake: dirisha linageuka jeupe-jeupe kama lililofunikwa na ukungu, na juu yake panaandikwa "Not Responding". Maana yake ni kwamba programu haijaitika wito wa Windows kwa sekunde 5. Si kwamba imekufa. Sekunde 5 ni kidogo sana. Programu inayosoma faili kubwa kwenye diski nzito inaweza kunyamaza nusu dakika kisha ikarudi na kazi yako yote. Ngoja dakika mbili kamili ukiangalia saa. Usiendelee kubofya wakati huo, kwa sababu mibofyo yako inapangwa foleni, na ikiamka itaitekeleza yote kwa mpigo.

Isiporudi, jiulize: inamngoja nani? Gari moja likizima pale mlangoni mwa steji yenu, matatu zote za nyuma husimama, hata iliyojaa abiria na injini inanguruma. Kumfokea dereva wa nyuma hakusaidii kitu, asukumwe wa mbele. Word yako iliyokwama mara nyingi ni ile matatu ya nyuma. Ukiizima kwa nguvu umepoteza CV, na gari bovu bado liko mlangoni.

Kwa upande wako namshuku sana huyu wa mbele: printa ya zamani. Word na Excel huongea na printa ya msingi, ile ambayo Windows huichagua usipotaja nyingine, hata kabla hujaprinti, kwa sababu zinataka kujua ukubwa wa karatasi na pambizo zake. Kama printa ya msingi kwenye orodha bado ni ile mliyoiondoa, hasa ikiwa ilikuwa ya mtandao, programu inabisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu na kusubiri. Wewe unaona kidirisha cha kuprinti kimeganda.

Jaribio lake ni dogo. Fungua mipangilio ya Windows, nenda kwenye printa na skana, ondoa alama kwenye "Let Windows manage my default printer", kisha fanya "Microsoft Print to PDF" iwe ya msingi. Hiyo si printa ya kweli, huandika faili la PDF tu, kwa hiyo haina waya wala mtandao wa kuingoja. Fanya kazi nayo nusu siku. Ikiwa Word imekuwa nyepesi na kidirisha cha kuprinti kinafunguka papo hapo, umempata mwizi. Iondoe ile printa ya zamani kwenye orodha kabisa, kisha uifanye printa mpya kuwa ya msingi.

Printa ya zamani ikikataa kuondoka, au ukiona kazi moja imekaa kwenye foleni ya kuprinti imeandikwa inafutwa na haifutiki, foleni yenyewe imeziba. Tafuta Command Prompt, lile dirisha la kuandikia kompyuta amri, ibofye kwa kitufe cha kulia uifungue kama msimamizi, uandike net stop spooler na ubonyeze Enter. Nenda kwenye folda C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, ufute mafaili yaliyo ndani yake. Folda yenyewe iache. Kisha andika net start spooler. Kazi zote zilizokuwa zikingoja kuprintiwa zitapotea, kwa hiyo waambie wateja mapema utazituma tena.

Ukitaka kumwona huyo wa mbele kwa macho, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Itafunguka Task Manager. Nenda sehemu ya "Details", bofya programu iliyokwama kwa kitufe cha kulia, uchague "Analyze wait chain". Itakuchorea mnyororo: huyu anamngoja yule, yule anamngoja mwingine. Jina utakaloliona mara nyingi kazi ikiwa ya kuprinti ni splwow64.exe. Huyo ni msaidizi anayeziwezesha programu za biti 32, kama Office nyingi za zamani, kuprinti kwenye Windows ya biti 64. Akikwama yeye, Word inakwama nyuma yake. Mmalizie yeye kwa "End task" na uiache Word. Mara nyingi kidirisha kitafunguka na utaikuta CV ya mteja pale pale ulipoiacha. Kwangu huo ndio ustadi wa kazi hii: umzime anayengojewa, umwache anayengoja.

Lakini majina usiyoyajua kwenye orodha hiyo usiyamalize kwa kubahatisha. Mengine ni nguzo za Windows yenyewe, na ukiyaangusha mashine nzima inaanguka.

Kile kidirisha cha kuhifadhi faili kina sababu yake nyingine. Kinapofunguka, hupita kuangalia kila mahali unapoweza kuhifadhi: diski, flashi, na folda za mtandao zilizowahi kuunganishwa. Kama zamani ulishirikiana folda na kompyuta nyingine ambayo sasa imezimwa au imeuzwa, kidirisha kitaigonga na kungoja. Fungua "This PC" uangalie kama kuna diski yenye alama nyekundu ya X. Ibofye kwa kitufe cha kulia, uchague "Disconnect". Ukiandika net use kwenye Command Prompt utaona orodha nzima ya hizo za mtandao. Ukiwa hapo, fungua pia chaguo za File Explorer ufute historia yake, kwa sababu ile orodha ya mafaili ya karibuni nayo inaweza kuwa inaelekeza kwenye flashi ambazo hazipo tena.

Na flashi yenyewe. Saiba inapokea flashi za kila aina, nyingine zimeoshwa ndani ya suruali. Flashi inayokufa haisemi imekufa. Husoma kidogo, husimama, hujaribu tena. Kidirisha cha kunakili kinabaki kwenye asilimia ile ile na hata "Cancel" haiitikii, kwa sababu Windows inangoja jibu la kifaa. Hapo, na hapo tu, kuichomoa flashi hukifungua kidirisha. Mweleze mteja kwanza, kwa sababu faili lililokuwa linaandikwa laweza kuharibika. Ndiyo maana nakushauri: kazi ya mteja ifanyie kwenye diski ya kompyuta, uihifadhi hapo, ndipo uinakili kwenye flashi. Ukifanya kazi moja kwa moja ndani ya flashi ya mtu, kila dakika unategemea kifaa ambacho hujui kimepitia wapi.

Kama kilichokwama ni kidirisha cha Windows yenyewe, si cha Word, basi kwenye Task Manager tafuta "Windows Explorer", ubofye "Restart". Mstari wa chini utatoweka sekunde chache kisha urudi. Programu zako nyingine hazitaguswa. Na skrini nzima ikiwa nyeusi kidogo na kidirisha kinauliza kama unaruhusu programu ibadilishe kompyuta, hicho ni cha ulinzi; usipokijibu kwa dakika 2 hujifunga chenyewe na kuhesabu kwamba umekataa. Wakati mwingine hakitokei mbele, hubaki kama alama ya ngao inayomwekamweka kwenye mstari wa chini. Ibofye uisome. Kama hukuanzisha wewe, kataa.

Kuna kidirisha kimoja cha uongo ambacho lazima nikitaje, kwa kuwa mteja wako anaweza kukutana nacho wakati wewe unahesabu chenji. Kivinjari kinajaa skrini nzima, king'ora kinalia, sauti ya Kiingereza inasema kompyuta ina virusi na upige namba fulani ya Microsoft. Hakifungiki. Hicho ni ukurasa wa mtandao tu uliovaa sare ya Windows. Ujumbe halisi wa makosa kutoka Microsoft hauna namba ya simu ya kupiga. Shikilia Esc kwa sekunde kadhaa, au bonyeza F11, dirisha lirudi kawaida. Ikishindikana, imalizie kwenye Task Manager, na kivinjari kikifunguka tena kikuuliza kama kirudishe kurasa za awali, kataa. Namba ile isipigwe, na asiingizwe mtu yeyote kwenye kompyuta kwa mbali. Anayepokea simu ile anatafuta pesa za mteja wako.

Sasa nirudi kwenye soketi ya ukutani. Mfumo wa mafaili wa Windows una daftari lake la kujikinga stima ikikatika, lakini kinga hiyo ni ya mpangilio wa diski, si ya maneno ya CV uliyokuwa unaandika. Ofisi moja hapa Kisumu ilizima hivyo kila mara kidirisha kilipogoma, mpaka siku moja faili la hesabu za mwezi likafunguka likiwa tupu. Nilijaribu siku mbili, sikulirudisha lote. Karani aliyeliandika alilia mbele yangu, na chanzo kilikuwa kidirisha cha printa kilichojificha nyuma ya dirisha jingine.

Zaidi ya hapo, kuna jambo ambalo wengi hawalijui: tangu Windows 8, kwenye kompyuta nyingi ukichagua "Shut down" mashine haizimi kiini chake kabisa. Huhifadhi hali yake kwenye diski ili iwake haraka kesho, na dereva ya printa (programu inayoiendesha) iliyochanganyikiwa leo inaweza kuamka nayo asubuhi. Ukitaka kuanza upya kweli, chagua "Restart". Hiyo ndiyo inayosafisha.

Uzito unaouona sasa huenda umetokana na kuzimwa ovyo. Nakili kwanza kazi zako kwenye diski ya nje. Kisha kwenye Command Prompt ya msimamizi andika chkdsk C: /scan, iache imalize, halafu sfc /scannow. Ya kwanza hukagua mpangilio wa diski, ya pili hukagua mafaili ya Windows na kurekebisha yaliyoharibika. Fanya hivyo jioni ukishafunga saiba, kwa sababu inachukua muda. Kama diski ni ya zamani ya kuzunguka na inatoa sauti ya tik-tik, usifanye chochote baada ya kunakili. Hiyo inataka kubadilishwa.

Zile CV mbili, jaribu leo hii kabla ya kufanya mengine. Kwenye Word nenda "File", kisha "Info", kisha "Manage Document", uchague kurejesha mafaili ambayo hayakuhifadhiwa. Word huyaweka siku chache tu kisha huyafuta. Halafu nenda kwenye chaguo za Word, sehemu ya "Save", upunguze muda wa kujihifadhi kutoka dakika 10 hadi 2.

Kesho asubuhi kabla wateja hawajaingia, toa waya wa skrini ile, weka printa ya PDF iwe ya msingi, bofya "Restart", ufanye kazi siku nzima hivyo. Kidirisha kikigoma tena, Ctrl na C, ubandike, uandike na saa kilipotokea na ulikuwa unafanya nini, unitumie. Ikipita wiki moja bila "ting" wala ukungu, ile 1,500 iweke akiba ya UPS (betri ya dharura ya kompyuta), maana stima ikipotea Luanda hakuna kidirisha kitakachokuonya. Na kama Caps Lock imekataa kuitika hata mara moja baada ya haya yote, panda matatu uniletee mashine. Beba boksi lake peke yake. Skrini, kibodi na waya wa stima ninazo hapa.